Miguel Muñoz

Miguel Muñoz Mozún (Madrid, 19 Januari 1922 – Madrid, 16 Julai 1990) alikuwa mchezaji na kocha wa mpira wa miguu kutoka Hispania. Ndiye mtu wa kwanza kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya akiwa mchezaji na baadaye akiwa kocha. Aliifundisha Real Madrid kwa karibu miaka 14 mfululizo na kushinda nayo mataji 9 ya Ligi Kuu ya Hispania. Baadaye alikuwa kocha wa timu ya taifa ya Hispania kuanzia mwaka 1982 hadi 1988.

Uchezaji

Muñoz alicheza nafasi ya kiungo. Kabla ya kufika Real Madrid alipitia klabu za Logroñés, Racing Santander na Celta Vigo. Mwaka 1948 Celta ilifika fainali ya kombe la Hispania ikafungwa na Sevilla mabao 4-1. Bao hilo moja la Celta lilifungwa na Muñoz. Mwaka huohuo alihamia Real Madrid pamoja na mshambuliaji Pahiño.

Miaka yake ya kwanza katika klabu hiyo haikuwa ya neema. Real Madrid ilikuwa haijatwaa ubingwa wa ligi tangu mwaka 1933, na ilibidi isubiri hadi msimu wa 1953-54, alipokwisha kuja Alfredo Di Stéfano. Kombe la Klabu Bingwa Ulaya lilipoanzishwa mwaka 1955, bao la kwanza la Real Madrid katika mashindano hayo lilifungwa na Muñoz, tarehe 8 Septemba 1955 mjini Geneva dhidi ya Servette ya Uswisi. Alikuwa nahodha katika fainali ya mwaka 1956 mjini Paris, ambapo Reims ya Ufaransa ilifungwa 4-3, na katika ile ya mwaka 1957 dhidi ya Fiorentina ya Italia. Aliichezea timu ya taifa mara 7 tu. Aliacha kucheza mwaka 1958.

Kocha wa Real Madrid

Alianza ukocha katika Plus Ultra, timu iliyokuwa ikilea wachezaji wa Real Madrid. Mwezi Aprili 1960 uongozi wa klabu ulimwondoa kocha Manuel Fleitas Solich wa Paraguay na kumpa Muñoz timu, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya nusu fainali ya Ulaya dhidi ya Barcelona. Huo haukuwa mtihani mdogo kwa kocha mwenye umri wa miaka 38, kwani Barcelona ilifundishwa na Helenio Herrera, aliyesifika kwa mbinu zake. Real Madrid ilishinda mechi zote mbili kwa 3-1. Tarehe 18 Mei 1960, katika uwanja wa Hampden Park mjini Glasgow, mbele ya watazamaji zaidi ya 127,000, iliifunga Eintracht Frankfurt 7-3. Ferenc Puskás alifunga mabao manne na Di Stéfano matatu. Baadaye mwaka huo ilitwaa Kombe la Mabara kwa kuishinda Peñarol ya Uruguay.

Wapo waliosema kwamba timu yenye Di Stéfano, Puskás na Francisco Gento haihitaji kocha. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, lakini haielezi yaliyofuata. Kuanzia 1961 hadi 1965 Real Madrid ilitwaa ubingwa wa ligi mara 5 mfululizo, huku nyota wake wakizidi kuzeeka. Ulaya mambo yalikuwa magumu zaidi. Msimu wa 1960-61 ilitolewa na Barcelona, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutolewa katika mashindano hayo. Mwaka 1962 ilipoteza fainali kwa Benfica ya Ureno 5-3. Puskás alifunga mara tatu, lakini alifunikwa na kijana Eusébio, mzaliwa wa Lourenço Marques (leo Maputo) nchini Msumbiji, aliyefunga mawili.

Mwaka 1964 ilipoteza fainali nyingine mjini Vienna, 3-1 dhidi ya Inter Milan, ambayo sasa ilikuwa chini ya Herrera. Hapo ndipo Muñoz alipofanya uamuzi mgumu kuliko yote ya maisha yake. Alitofautiana na Di Stéfano kuhusu mbinu za mechi hiyo, na mchezaji huyo, aliyekuwa anatimiza miaka 38, hakuendelea na klabu. Alihamia Espanyol ya Barcelona. Di Stéfano ndiye aliyeifanya Real Madrid ijulikane duniani, na alikuwa amecheza na Muñoz bega kwa bega. Kumwacha aondoke kulimweka kocha mahali pabaya: kama timu ingeanguka, lawama zote zingekuwa zake.

Haikuanguka. Muñoz aliijenga upya kwa vijana wa Hispania kama Amancio, Pirri, Velázquez, Grosso na Sanchís, akimbakiza Gento kama nahodha. Timu hiyo ilipewa jina la utani la Ye-yé kutokana na muziki wa vijana wa enzi hizo. Mwaka 1966 iliitoa Inter katika nusu fainali, kisha tarehe 11 Mei mjini Brussels ikaifunga Partizan ya Belgrade 2-1 baada ya kutanguliwa kufungwa. Wachezaji wote 11 walikuwa Wahispania. Ni kombe hili, kuliko lile la 1960, linaloonyesha uwezo wa Muñoz, kwa kuwa timu ya 1960 aliirithi na hii aliijenga mwenyewe.

Baada ya hapo alishinda ligi mwaka 1967, 1968, 1969 na 1972, na kombe la Hispania mwaka 1970 kama alivyofanya mwaka 1962. Mwaka 1971 alipoteza fainali ya Kombe la Washindi kwa Chelsea mjini Piraeus, Ugiriki, katika mechi ya marudiano. Aliondoka Januari 1974, nafasi yake ikachukuliwa na Luis Molowny.

Timu ya taifa

Baada ya kufundisha Granada, Las Palmas (aliyoifikisha fainali ya kombe mwaka 1978) na Sevilla, Muñoz alikabidhiwa timu ya taifa baada ya Hispania kufanya vibaya katika Kombe la Dunia la 1982 nyumbani kwake.

Tarehe 21 Desemba 1983 mjini Sevilla, Hispania ilihitaji kuifunga Malta kwa tofauti ya mabao 11 ili kufuzu Kombe la Ulaya badala ya Uholanzi. Hadi mapumziko ilikuwa 3-1 tu, baada ya penalti kukoswa mapema. Kipindi cha pili yalifungwa mabao 9, na mechi ikaisha 12-1. Santillana na Rincón walifunga manne kila mmoja.

Katika fainali hizo za 1984 Hispania iliitoa Denmark kwa mikwaju ya penalti, lakini ilifungwa na Ufaransa 2-0 katika fainali mjini Paris. Bao la kwanza lilitokana na mpira wa adhabu wa Michel Platini uliomponyoka golikipa Luis Arconada. Katika Kombe la Dunia la 1986 nchini Meksiko, Hispania iliifunga Denmark 5-1, Emilio Butragueño akifunga manne, kisha ikatolewa na Ubelgiji kwa penalti katika robo fainali. Mwaka 1988 haikuvuka hatua ya makundi ya Kombe la Ulaya, na Muñoz akamwachia kazi Luis Suárez.

Alifariki Madrid miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 68.