Profesa Odhiambo: Mkenya aliyechunguza homoni katika mwili wa nzige

NZIGE wa jangwani walipovuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, Wakenya wengi hawakuwa wamewahi kuona wingu la aina hiyo. Wakulima walipiga madebe na kuwasha moto, ndege zikanyunyiza dawa, na wataalamu wakaulizwa swali la kale: ni nini kinachomtuma mdudu mdogo kiasi hicho kuvuka nchi nzima bila kuchoka?

Zaidi ya nusu karne kabla ya hapo, kijana mmoja Mkenya alikuwa amelielekezea swali linalokaribiana na hilo kisu kidogo cha maabara na darubini. Alikuwa Thomas Risley Odhiambo, na wakati wa uvamizi huo alikuwa amelala kaburini kwa miaka 16.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mnamo Februari 4, 1931. Alipata elimu yake katika Shule ya Maseno, kisha akavuka hadi Chuo cha Makerere nchini Uganda, ambacho enzi hizo kilikuwa tegemeo la vijana wa Afrika Mashariki waliotamani masomo ya juu. Baada ya Makerere aliajiriwa katika idara ya kilimo ya Uganda kushughulikia wadudu waharibifu. Kazi hiyo ingemtosha mtu mwingine. Yeye alitumia nafasi hiyo kuainisha wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mimea, akawapa majina ya kisayansi wengi ambao hawakuwa wamewahi kuandikwa popote. Hata leo, katika orodha za wataalamu, majina ya wadudu hao hufuatwa na jina lake na mwaka alioyachapisha.

Mwaka 1959 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Huko aliangukia mikononi mwa Sir Vincent Wigglesworth, mtu ambaye haiwezekani kuizungumzia fiziolojia ya wadudu bila kumtaja. Katika miaka ya 1930, Wigglesworth alimkata kichwa kunguni mnyonya damu wa Amerika Kusini, akamweka hai kwa muda mrefu, na kumuunganisha na mwenzake ili washiriki damu moja. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba kuambua gamba na kukomaa kwa mdudu huamriwa na kemikali zinazotoka kichwani na kusafiri ndani ya damu. Kemikali hizo ni homoni.

Odhiambo alichagua nzige wa jangwani, na hasa dume. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna tezi mbili ndogo mno zinazotengeneza homoni ambayo wataalamu huiita homoni ya uchanga, kwa kuwa humzuia tunutu asikomae kabla ya wakati wake. Katika nzige mzima homoni hiyo hiyo hubadilisha kazi na kusimamia uzazi. Odhiambo aliziondoa tezi hizo katika madume, akasubiri kuona kitakachotokea.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1965 na 1966 yalistaajabisha. Madume yasiyo na tezi hayakukomaa kijinsia kama kawaida. Zaidi ya hayo, yalijaa mafuta mwilini na kupoteza uchangamfu. Mengine yakizungukazunguka kizimbani, haya yalikaa tu. Chakula kilikuwepo, akiba ilikuwepo tele, lakini akiba haikugeuka kuwa mwendo.

Umuhimu wa jambo hilo huonekana vyema likilinganishwa na mwili wa binadamu. Mtu anayekoswakoswa na matatu akivuka Waiyaki Way huhisi moyo ukimdunda kabla hajapata hata wasaa wa kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo zimekwisha kumwaga adrenalini ndani ya damu. Dakika chache baadaye hufuata kotisoli, ambayo huhakikisha sukari ya kutosha inaendelea kupatikana hadi hatari ipite.

Lakini homoni ni kama barua iliyotumwa bila anwani. Damu huifikisha kila mahali, na wanaoweza kuisoma ni wale tu wenye kipokezi chake. Kipokezi ni protini yenye umbo linaloafikiana na homoni fulani mithili ya kufuli na ufunguo. Adrenalini ikifika kwenye moyo hukutana na vipokezi vinavyouharakisha. Ikifika kwenye njia za pumzi huzilegeza. Ikifika kwenye ini hutoa sukari. Na matumbo huyapunguzia kasi. Ujumbe ni mmoja, majibu ni tofauti, na tofauti imo katika mpokeaji. Kotisoli nayo huingia hadi ndani ya seli, hukutana na kipokezi chake humo, na kubadilisha utendaji wa jeni. Hurudi pia hadi kwenye ubongo kuuarifu kwamba yatosha, amri isitishwe. Arifa hiyo isipoitikiwa, msongo hugeuka wa kudumu: sukari na shinikizo la damu hupanda, kinga hudhoofika.

Nzige hana kotisoli. Mahali pa adrenalini ana jamaa yake wa karibu aitwaye oktopamini, ambayo humwandaa kukimbia au kuruka. Mwaka 1976 wataalamu wa Uingereza walitambua muundo wa homoni inayotoka katika tezi iliyo jirani kabisa na zile alizozikata Odhiambo, na kazi yake ni kufungua ghala la mafuta ili nzige aweze kuruka masafa marefu. Kwa hivyo swali la nani anayeamuru akiba ya mwili itumike lilikuwa na majibu zaidi ya moja. Odhiambo alikuwa ameligusa mapema, kwa mkono wake mwenyewe.

Alitunukiwa shahada ya uzamifu mwaka 1965. Wengi wa kizazi chake waliofika hapo walikaa ng'ambo, wala hawalaumiki, kwa maana vyombo vilikuwa huko. Odhiambo alirejea Nairobi mwaka huo huo kuwa mhadhiri katika chuo ambacho mwaka 1970 kilipata hadhi ya kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Makao ya kazi yake yalikuwa bewa la Chiromo, pale mtu anapotoka katikati ya jiji kuelekea Westlands. Mahali hapo pana historia yake. Palikuwa makazi ya mlowezi Ewart Grogan, ambaye mwaka 1907 aliongoza kuchapwa viboko hadharani kwa Waafrika watatu mbele ya mahakama ya Nairobi. Miaka 60 baadaye, ndani ya bewa hilo, Mwafrika alikuwa akipanga kuwaita wanasayansi mashuhuri wa dunia waje kufanya utafiti chini ya uongozi wake.

Mwaka 1967 Odhiambo alichapisha makala katika jarida la Marekani la Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Wakati huo huo Carl Djerassi, mwanakemia aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa tembe za kupanga uzazi, alikuwa akipendekeza vituo vya utafiti vya hali ya juu vianzishwe katika nchi changa, huku magwiji wa ng'ambo wakivizuru mara kwa mara. Djerassi mwenyewe alikuwa mtaalamu wa homoni, na kampuni aliyoiongoza Marekani, Zoecon, ilitafuta kuzigeuza homoni za wadudu kuwa dawa ya kuwaangamiza. Wawili hao walikutana kimawazo. Mwaka 1970 kikazaliwa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, ICIPE, katika majengo duni ya Chiromo, Odhiambo akiwa mkurugenzi.

Lilikuwa jambo la kubahatisha. Nchi ilikuwa na njaa ya maafisa wa kilimo, si ya watu wa kupima homoni. Hoja ya Odhiambo ilikuwa kwamba bara lisilochunguza misingi litanunua majibu ya wengine daima, na kwamba mbung'o, kupe na nondo wa mahindi si wadudu wa Ulaya.

Ndoto ya dawa za homoni ilitimia nusu tu. Dawa iitwayo methoprini, inayoiga homoni ya uchanga, iliidhinishwa Marekani mwaka 1975 na hutumiwa hadi leo dhidi ya viluwiluwi vya mbu na viroboto. Kwa mbu yafaa, kwa kuwa anayeuma ni mbu mzima. Kwa kiwavi mambo ni kinyume: ukimzuia asikomae, umemwongezea siku za kula mahindi. Isitoshe, nzi wa matunda katika maabara walipatikana wakiwa sugu kwa methoprini kwa sababu protini moja mwilini mwao ilikuwa na kasoro. Mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba protini hiyo ndiyo kipokezi cha homoni ya uchanga, kipokezi ambacho Odhiambo hakuwahi kukijua.

Somo hilo hilo limewafikia wafugaji kwa njia chungu zaidi. Amitrazi, dawa ya kuogeshea ng'ombe inayofahamika kutoka Dagoretti hadi Kajiado, humdhuru kupe kwa kuvichokoza vipokezi vya oktopamini bila kikomo. Kupe huvurugika na kuachilia ngozi ya ng'ombe. Mahali kadhaa duniani kupe wenye vipokezi vilivyobadilika umbo wamegunduliwa, na dawa haiwababaishi tena. Mfugaji anayelalamika kwamba josho halifanyi kazi mara nyingi hulaumu mchanganyiko wa maji, na pengine ana haki, lakini kasoro yaweza kuwa ndani ya kupe mwenyewe.

Naye nzige? Mwaka 2009, watafiti wa Cambridge na Oxford walionyesha kwamba nzige mpweke akipapaswa miguu ya nyuma, kama anavyosukumwa na wenzake katika msongamano, kemikali ya serotonini hupanda katika mishipa yake ya fahamu, na kwa takriban saa mbili tu huanza kuwaendea wenzake badala ya kuwakwepa. Ilikuwa miaka sita baada ya kifo cha Odhiambo.

Odhiambo aliongoza ICIPE kwa miaka 24, hadi mwaka 1994 alipompisha Hans Herren wa Uswisi. Kituo kilikuwa kimekwisha kuhamia Kasarani, mahali palipobatizwa Duduville. Mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa walioasisi Akademia ya Sayansi ya Afrika, ambayo baadaye ilipata makao yake mtaani Karen, na akawa rais wake wa kwanza hadi mwaka 1999. Tuzo ya Afrika ya Uongozi wa kukomesha njaa ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, aliipokea pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal.

Alifariki Mei 26, 2003. Kituo cha ICIPE kilichoko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, sasa kinaitwa Bewa la Thomas Odhiambo, na watafiti wake wangali wanachunguza mbu, nondo wa mahindi na mimea inayowafukuza.