Moshoeshoe, Mfalme Aliyewakusanya Waliotawanyika

Katika nchi ya milima iliyo kusini mwa Afrika alizaliwa mtoto mmoja, yapata mwaka wa 1786, akaitwa Lepoqo. Baba yake, Mokhachane, alikuwa mkuu wa ukoo mdogo tu. Lepoqo alipokuwa kijana alipenda sana kuteka ng'ombe za watu. Siku moja aliteka ng'ombe za jirani kwa werevu mwingi, akajisifu kwamba amemnyoa ndevu zake. Ndipo alipopata jina la Moshoeshoe, jina linaloiga mlio wa wembe unyoapo.

Hata ilipofika karibu mwaka wa 1822, vita vikubwa viliingia katika nchi zile. Kabila lililoshindwa lilikimbia na kuwaangukia majirani zake, likawanyang'anya nafaka na mifugo. Na majirani hao nao wakakimbia, wakawatenda wengine vivyo hivyo. Mashamba hayakulimwa. Njaa ikazidi, hata watu wengine wakala nyama ya wanadamu. Ndugu alimwacha ndugu yake njiani, na yatima wakatangatanga porini wasijue ukoo wao.

Mwaka wa 1824 Watlokwa walimzingira Moshoeshoe katika mlima wa Butha-Buthe, na watu wake wakaumia kwa njaa. Walipookoka, akaona kwamba mlima ule hauwezi kuwalinda tena. Basi akawaongoza wote kwenda kutafuta makao mapya. Ilikuwa majira ya baridi kali, na wazee na watoto walichoka upesi. Miongoni mwa waliobaki nyuma alikuwamo Peete, babu yake Moshoeshoe. Wala watu wakamkamata mzee yule, wakamwua, wakamla.

Wale wengine walifika katika mlima mmoja wenye kilele kipana kama uwanja, wenye chemchemi za maji na magenge marefu pande zote. Wakauita Thaba Bosiu, maana yake mlima wa usiku.

Baadaye wala watu wale walikamatwa, wakaletwa mbele ya Moshoeshoe. Watu wakataka wauawe mara moja, maana ni nani asiyejua haki ya mjukuu kulipiza kisasi cha babu yake? Lakini husimuliwa kwamba Moshoeshoe alikataa. Aliwaambia watu wake kwamba miili ya watu hao ndiyo kaburi la Peete, wala haifai mjukuu kulivunja kaburi la babu yake. Akaamuru watakaswe kama kaburi linavyotakaswa kwa desturi ya Wasotho, kisha akawapa ng'ombe na mahali pa kukaa. Hivyo watu waliokuwa wameacha utu wao kwa ajili ya njaa wakarudia kulima na kufuga.

Habari zikaenea, na wakimbizi wa makabila mengi wakaja Thaba Bosiu. Aliyekuja mikono mitupu aliazimwa ng'ombe. Maziwa yake aliyatumia kwa kulisha watoto wake, na ng'ombe mwenyewe akabaki mali ya mfalme. Kwa njia hiyo aliyekuwa mteka ng'ombe akawa mgawaji wa ng'ombe, na watu wasiokuwa na jamaa wakapata jamaa.

Mwaka wa 1831 Wandebele wa Mzilikazi waliushambulia mlima ule, wakarudishwa nyuma kwa mawe na mikuki. Walipokuwa wakiondoka, Moshoeshoe aliwapelekea ng'ombe wanono wawe chakula cha njiani, kwa kuwa alidhani ni njaa iliyowaleta. Hawakurudi tena kupigana naye.

Uzeeni alipatwa na taabu nyingine. Makaburu walipigana naye mwaka wa 1858, na tena kuanzia 1865, wakamnyang'anya mashamba mengi yenye rutuba. Lakini Thaba Bosiu haukutwaliwa. Mwaka wa 1868 aliiweka nchi yake chini ya ulinzi wa Waingereza, naye akafa tarehe 11 Machi, 1870. Nchi hiyo ilipata uhuru wake mwaka wa 1966, nayo ndiyo Lesotho.

Taifa hilo halikutoka katika tumbo la mama mmoja. Lilitoka katika koo nyingi zilizovunjwa na njaa na vita, zikaunganishwa na mtu aliyekubali kusamehe na kugawa. Kweli, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.