Hugh Tracey na Mashine ya Babu

Likizo ya Agosti nilikaa kwa babu yangu hapa Kisumu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumshikia tochi. Babu alikuwa ameiteremsha kutoka juu ya kabati mashine yake ya kunasa sauti, ile ya kizamani yenye magurudumu mawili ya tepu. Ilikuwa imenyamaza miaka mingi. Ukiiwasha, taa inawaka, mota inavuma, lakini tepu haisogei hata kidogo. Na ndani ya boksi moja kulikuwa na tepu ambayo ina nyatiti ya marehemu kaka yake, wala hakuna nakala nyingine popote duniani.

Babu alichomoa waya ukutani kwanza, kisha akanikataza kutia kidole ndani, kwa maana kapasita za mashine kama hiyo huweka umeme hata baada ya kuzimwa. Tulipofungua, kumbe mkanda wa mpira unaopeleka nguvu ya mota kwenye magurudumu ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami! Tulipokuwa tukiikwangua lami hiyo kwa pamba na spiriti, babu alinitajia jina la Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akinasa nyimbo. Nilipotoka hapo nikaanza kutafuta habari zake, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tracey alizaliwa mwaka 1903 huko Devon, Uingereza, mtoto wa daktari. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa bado barobaro, alikwenda Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kumsaidia kaka yake kulima tumbaku. Wafanyakazi wa shambani walikuwa Wakaranga. Wenzake wengi waliwaona kama mikono ya kazi tu, lakini yeye alijifunza lugha yao na kuimba nao. Mwaka 1929 aliwachukua vijana 14 mpaka Johannesburg, nyimbo zao zikatiwa kwenye santuri. Baadaye akaingia katika redio ya Afrika Kusini, akasimamia studio za Durban hadi mwaka 1947. Mwaka 1948 alitoa kitabu kuhusu Wachopi wa Msumbiji na timbila zao.

Hapo mwanzo kunasa sauti kulikuwa taabu tupu. Sindano ilichonga sahani papo hapo, na mtu akikohoa au akikosea, basi sahani hiyo imekwenda. Tepu yenyewe ilibuniwa Ujerumani na Fritz Pfleumer mwaka 1928, ikaenea duniani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ni utepe mwembamba uliopakwa unga wa chuma, ndugu ya kutu. Nilicheka niliposikia hivyo. Ati sauti ya mtu inakaa kwenye kutu!

Mwaka 1950, na tena mwaka 1952, Tracey alifika Kenya na lori lake. Alikuwa na jenereta, na kwa kuwa jenereta hupiga kelele, aliiweka mbali na kuvuta waya mrefu. Maikrofoni hakuisimamisha mahali pamoja. Aliishika mkononi, akamsogelea mwimbaji, akaihamisha kwenye ala, akairudisha. Huku kwetu magharibi ya nchi aliwanasa Waluo na nyatiti zao. Anayeijua nyatiti ataelewa ugumu wake: kuna nyuzi nane, kuna sauti ya mwimbaji, na kuna ile pete ya chuma ya kidole cha mguu inayogonga mbao, vyote vinatoka kwa mtu mmoja.

Sasa hapa nina kinyongo kidogo naye. Kwetu mpiga nyatiti akiitwa matangani anaweza kupiga usiku kucha. Anataja majina, anasifu, anakejeli, anaanza upya. Tracey alikuwa akifadhiliwa na kampuni ya santuri ya Gallo, na upande mmoja wa santuri za siku hizo ulichukua kama dakika tatu tu. Kwa hiyo wimbo ulikatwa ukatoshea. Tulichobakiwa nacho ni dakika tatu za jambo la usiku mzima. Lakini bila yeye tungekuwa na dakika ngapi? Swali hilo limenisumbua.

Kule Kapkatet, kwa Wakipsigis, mwaka 1950 alimnasa Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wakiimba Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika huko, jina likageuzwa Kikipsigis, na mwenyewe akawa kiumbe nusu mtu nusu paa! Mwaka 1952 huko Jadotville, Kongo, ambako leo ni Likasi, alimnasa Jean Bosco Mwenda na gitaa lake. Nasema hivi kwa sababu Tracey hakupenda sana muziki uliochanganywa na wa kigeni, aliona unaua ule wa asili. Hata hivyo, masikio yake yalimshinda.

Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Roodepoort, Afrika Kusini. Kutoka humo zilitoka santuri 210, na mwaka 1973 orodha yake kubwa ya majuzuu mawili, yenye majina ya waimbaji, lugha zao na mahali waliponaswa. Lakini hebu fikiria: sauti za wazee wetu zilikaa katika nchi ya ubaguzi wa rangi, ambako wenye sauti hizo wasingeweza kwenda kuzisikiliza. Tracey alifariki Oktoba 1977. Mwaka uliofuata mwanawe Andrew aliihamishia maktaba Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown. Ni mwaka 2014 ndipo watu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, walipoanza kuzirudisha nyimbo hizo kwa jamaa za wenyewe huku Kenya.

Turudi kwa babu. Mkanda mpya tuliupata kwa fundi wa redio baada ya kujaribu minne. Tulipowasha, kaka yake babu aliimba kama mtu mwenye usingizi, sauti nzito, kama inatoka chini ya blanketi. Babu akasema kuna mambo mawili. Kigurudumu cha mpira kinachoibana tepu kilikuwa na utelezi, na kichwa kinachosoma sauti kilikuwa kimefunikwa na ile kutu. Spiriti tena, pamba tena. Tepu ilikatika mara moja, tukaiunga kwa gundi-tepu yake maalum, maana ile ya dukani huvuja gundi ikachafua kila kitu.

Mara ya pili nyatiti ilitoka safi. Niliweka simu karibu na spika, nikanasa yote, kwa kuwa tepu hiyo ilikuwa imeanza kunuka siki, dalili ya kuoza.

Boksi lake halikuwa limeandikwa kitu. Babu aliomba kalamu, akaandika jina la kaka yake, kijiji, na majina ya wawili waliokuwa wakiitikia. Kulikuwa na sauti ya tatu, ya mwanamke. Tulirudisha tepu nyuma mara nne, na babu hakuikumbuka.