Mtakatifu Noa Mawaggali, mfinyanzi wa Mityana



Kila Juni 3 tukiwataja Mashahidi wa Uganda, akili zetu hukimbilia Namugongo, kwenye moto. Leo twende Mityana, magharibi ya Kampala, kwa shahidi ambaye hakufia Namugongo.

Noa alikuwa mfinyanzi wa chifu wa Ssingo. Injili ilimfikia kwa njia ambayo sisi wa Tabora tunaikanyaga kila siku. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulitoka Bagamoyo, ukafika hapa, ukagawanyika: wengine Ujiji, wengine Ziwa Nyanza. Februari 1879 Padre Siméon Lourdel, yule Waganda waliyemwita Mapera, akaingia Buganda. Ni njia ile ile ya pembe na watumwa, jamani.

Mwaka 1882 mapadre wakaondoka, wakarudi 1885. Miaka hiyo yote Wakristo wa Mityana walishikwa mkono na walei wenzao, Mathias Kalemba na Luka Banabakintu. Noa akabatizwa Novemba 1, 1885. Alikuwa na miezi saba tu ya Ukristo.

Mei 1886 Kabaka Mwanga akaamuru Wakristo wauawe. Mathias na Luka wakakamatwa. Kisha likatumwa kundi kwenda Mityana, na hapa ndipo pa kutulia kidogo. Wale hawakuwa majirani waliopandwa na hasira. Walitumwa, na kwa desturi ya ufalme ule, waliotumwa kuadhibu mji walijilipa kwa kupora: watu, mifugo, chochote.

Nikiwa mwaka wa falsafa nilisoma habari za Wayahudi wa Ujerumani. Usiku wa Novemba 9, 1938, masinagogi yalichomwa kwa mamia, maduka yakavunjwa, na serikali ikasema eti ni hasira ya wananchi. Hasira gani, wakati amri zilitoka kwa wakubwa wa chama, na zimamoto waliagizwa kulinda nyumba za jirani tu? Mwanga angalau hakujificha nyuma ya wananchi. Lakini kwa anayevunjiwa mlango, tofauti hiyo ni ndogo sana.

Noa hakukimbia. Mei 31 wakamchoma mikuki, wakamfunga kwenye mti, wakamwachia mbwa. Alikuwa na umri wa miaka kama 35.

Dada yake Munaku alikuwa amefichwa. Akatoka mwenyewe mbele ya wauaji, akataka afe kama kaka yake. Wakakataa, mateka ana bei, maiti hana. Baadaye alikombolewa, akabatizwa Maria Matilda, hakuolewa, akaishi hadi 1934.

Noa akatangazwa mtakatifu na Papa Paulo VI Oktoba 18, 1964, pamoja na wenzake 21. Munaku hayumo katika orodha hiyo. Mimi humwomba hata hivyo.