MWAMI MUTARA WA TATU RUDAHIGWA NA MGAWANYO WA NG'OMBE

Twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa Kamembe habari za mtu ambaye hakuwa wa dini yetu, lakini jina lake lajulikana katika kila nyumba ya nchi hii, naye ni Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa. Huenda mtu akauliza kitabu cha Waislamu chahusikaje na mfalme aliyebatizwa. Jawabu ni kuwa katika zama zake lilikatwa shauri ambalo wanavyuoni wetu wamelizungumza tangu siku za Masahaba: je, mtawala anayo haki ya kuchukua sehemu ya mali ya mwenye nacho na kumpa asiye nacho kwa nguvu ya sheria, au jambo hilo huachiwa hiari ya moyo peke yake?

Rudahigwa alizaliwa mwaka 1911, baba yake akiwa Mwami Yuhi wa Tano Musinga na mama yake Kankazi. Alisoma Nyanza katika shule ya wana wa machifu, kisha akapewa uchifu wa Marangara. Tarehe 12 Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga katika kiti, kwa kuwa aliukataa ubatizo na hakuwatii kama walivyotaka. Na tarehe 16 mwezi ule ule wakamtawaza mwanawe, naye angali kijana wa miaka ishirini. Musinga akahamishiwa hapa hapa kwetu Kamembe pamoja na mama yake Kanjogera. Alikaa hapa mpaka mwaka 1940, alipopelekwa mbali zaidi, Moba, katika Kongo, kando ya ziwa Tanganyika, na huko akafa mwaka 1944. Hapa Kamembe ndipo alipozaliwa mwaka 1936 mwanawe mwingine, Ndahindurwa, ambaye habari zake zitakuja. Basi mji wetu ulikuwa nyumba ya uhamisho wa baba wakati mwana akitawala Nyanza, na huo si mzigo mwepesi kwa moyo wa kijana.

Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, katika miaka ya njaa ile kubwa iitwayo Ruzagayura, iliyoua watu wengi sana. Tusiyarefushe hayo. Tulitakalo ni kuitazama mizigo iliyokuwa juu ya mabega ya raia wake.

Wa kwanza ulikuwa kodi ya kichwa. Ilitozwa kwa fedha kwa kila mwanamume mzima, wala haikupima mfuko wa mtu. Fukara alitakiwa kama tajiri. Vijana wengi waliihama nchi, wakaenda Uganda na Kongo kufanya kazi ili waipate fedha hiyo. Wa pili ulikuwa ubuletwa, yaani kazi ya bure aliyofanyiwa chifu, na mzigo huo uliwaangukia wanyonge. Mwaka 1949 kazi hiyo iligeuzwa kuwa malipo ya fedha. Kwa mwenye fedha huo ulikuwa uhuru wa kweli. Kwa asiye nazo ulikuwa deni jipya badala ya deni la zamani.

Wa tatu ulikuwa ubuhake, na hapa yafaa tusimame kidogo, maana vijana wetu wengi hulisikia jina tu. Mtu asiye na ng'ombe alijiweka chini ya mwenye ng'ombe, akamwita shebuja, na yeye akaitwa umugaragu. Alipewa ng'ombe, akanywa maziwa yake, naye akalipa kwa utumishi na utii wa miaka mingi, pengine na watoto wake baada yake. Lakini ng'ombe alibaki kuwa wa shebuja, na siku shebuja akikasirika aliweza kumnyang'anya kundi zima, mtu akarudi mikono mitupu na uzee wake.

Tarehe 1 Aprili 1954 Mwami alitoa amri ya kuukomesha ubuhake, kwa shauri la Baraza Kuu la nchi na idhini ya Wabelgiji. Mikataba mipya ikakatazwa, ya zamani ikavunjwa hatua kwa hatua, na ng'ombe wakagawanywa: theluthi mbili kwa umugaragu, theluthi moja kwa shebuja. Hebu fikirini uzito wake! Mtu aliyelala akijua ng'ombe wote ni wake aliamka akiambiwa wake ni mmoja katika kila watatu.

Je, ilikuwa dhuluma? Sisi twaona sivyo. Katika sheria yetu, mwenye mtaji na mwenye kazi wakishirikiana, mwenye kazi ana fungu lake katika faida. Umugaragu alichunga, alijenga zizi, alilima shamba la bwana wake. Basi zile theluthi mbili hazikuwa sadaka, bali ujira uliocheleweshwa.

Lakini zaka ni mlango mwingine. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipompeleka Muadh bin Jabal Yemen alimwamuru achukue ndama mmoja wa mwaka katika kila ng'ombe thelathini, na zaka ya matajiri irudishwe kwa mafukara wao. Hapo fukara haulizwi kama aliwahi kumtumikia tajiri. Huulizwa haja yake. Amri ya mwaka 1954 haikufika huko. Ambaye hakuwa na shebuja wala ng'ombe, naye ndiye fukara kuliko wote, hakupata hata kwato, na kodi ya kichwa iliendelea kumdai.

Tena kulikuwa na kasoro nyingine, na kwa maoni yetu ndiyo iliyouma zaidi. Ng'ombe waligawanywa, malisho hayakugawanywa. Ibikingi, yaani ardhi za kulishia, zilibaki mikononi mwa wenyewe wa zamani. Mtu akawa na ng'ombe wake mwenyewe asiye na mahali pa kumlisha, ikambidi arudi kwa yule yule aliyetoka kuagana naye, akaombe majani. Katika mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, anayepewa ng'ombe hutakiwa kwanza awe na zizi na majani aliyoyapanda. Hilo wazee walilijua kwa kuumia.

Hata hivyo haifai kumpunja mtu haki yake. Mabwana wengi walioathirika walikuwa jamaa na wasaidizi wa Mwami mwenyewe, nao ndio waliokiegemeza kiti chake. Leo amewekwa miongoni mwa mashujaa wa taifa wa daraja la Imena.

Alifariki ghafla mjini Usumbura tarehe 25 Julai 1959, baada ya kumwona daktari wa Kibelgiji, na maneno mengi yamesemwa juu ya kifo hicho. Hakuacha mtoto. Mjane wake, Rosalie Gicanda, aliishi mpaka mwaka 1994, akauawa katika mauaji ya kimbari. Mwami alizikwa Mwima, karibu na Nyanza, tarehe 28 Julai, na pale pale makaburini akatangazwa mrithi wake, Kigeli wa Tano Ndahindurwa, yule mzaliwa wa Kamembe, akarithi kiti pamoja na shauri la malisho ambalo lilikuwa halijakatwa.