John Snow, munganga aliyehesabu wafu pamoja na nyumba

Kipindupindu kikiingia Uvira, Kalemie ao Goma, habari ya kwanza inayofikia wakaaji ni hesabu ya wafu: eneo hili la afya kumi, lile tatu. Watu wanasikia ile kumi na kuona kwamba hatari iko kule. Inawezekana. Lakini kumi kati ya watu wangapi? Aliyelazimisha swali hilo juu ya ugonjwa huu ni munganga Muingereza, John Snow.

Alizaliwa York tarehe 15 Machi 1813, mutoto wa kwanza kati ya tisa, katika jamaa ya mufanyakazi wa kawaida. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza kazi kwa munganga. Kule ndiko alikutana na kipindupindu mara ya kwanza, alipotumwa kuhudumia wachimba makaa ya mawe wa Killingworth. Alikuwa kijana wa miaka 18 tu. Kisha akaenda London, akapata udaktari 1844, na jina lake likajulikana kwa kazi ingine kabisa: kulalisha wagonjwa wasisikie uchungu. Malkia Victoria mwenyewe alipewa naye kloroformu wakati wa kuzaa, 1853 na tena 1857.

Zamani zile waganga wengi waliamini kwamba kipindupindu kinatoka katika hewa yenye harufu mbaya. Snow aliandika 1849 kwamba kinaingia kwa kinywa, kupitia maji yenye machafu ya wagonjwa. Wachache walimuamini.

Wengi wanamukumbuka juu ya pompi ya Broad Street, 1854, ambapo zaidi ya watu 500 walikufa kwa siku kumi hivi katika kartie moja. Snow aliomba kishikio cha pompi kitolewe, na tarehe 8 Septemba kikatolewa. Ni hadisi nzuri, lakini ugonjwa ulikuwa umeisha kuanza kupungua, maana wakaaji wengi walikuwa wamekimbia. Kinachofundisha zaidi ni nyumba moja ya kutunzia maskini palepale jirani. Ndani mulikuwa watu 535, na waliokufa ni 5 tu, kumbe nyumba nyingi za kandokando zilikuwa na kilio. Ile nyumba ilikuwa na kisima chake.

Kazi yake kubwa aliifanya mwaka uleule, kusini ya London. Kampuni mbili ziliuza maji kule, na mabomba yao yalipita katika barabara zilezile: nyumba hii inakunywa ya kampuni moja, jirani ya ingine, tajiri kwa maskini, hewa ni ileile. Southwark and Vauxhall ilichota muto Thames mahali machafu ya muji yalimwangika. Lambeth, tangu 1852, ilichota juu zaidi, mbele muto haujafika mujini.

Snow alichukua anuani za wafu katika ofisi ya serikali, akaenda mulango kwa mulango kuuliza maji yanatoka wapi. Wapangaji wengi hawakujua, kwa sababu bili inalipwa na mwenye nyumba. Basi akabeba maji kidogo na kuyapima chumvi: ya Southwark and Vauxhall yalikuwa na chumvi mingi zaidi, sababu maji ya bahari yalipanda mpaka kule.

Katika juma saba za kwanza alipata wafu 1,263 kwa wateja wa Southwark and Vauxhall, na 98 kwa wateja wa Lambeth. Karibu mara 13! Lakini Snow hakuishia pale. Kampuni ya kwanza ilikuwa na nyumba 40,046, ya pili 26,107. Mutu angeweza kujibu kwamba wateja wengi, wafu wengi. Akagawanya wafu kwa nyumba, akazidisha na 10,000. Ikatoka 315 upande mumoja, karibu 37 upande mwingine. Sasa si mara 13 tena, ni zaidi ya mara nane, lakini hii mara nane haina kisingizio.

Hesabu hii si ileile ya kugawanya wafu kwa wagonjwa. Ile inaonyesha kama wagonjwa wanatunzwa vizuri. Hii ya Snow inaonyesha ugonjwa unaua wapi.

Namba ya chini ndiyo inasumbua siku zote. Goma, Julai 1994, miili ya wakimbizi ilikusanywa kandokando ya barabara na kuhesabiwa: karibu 50,000 kwa mwezi mumoja. Lakini wakimbizi wenyewe walikadiriwa kati ya 500,000 na 800,000. Kwa wafu walewale, ukigawanya kwa 500,000 ni mutu mumoja katika kumi. Kwa 800,000, mumoja katika kumi na sita.

Snow hakuoa. Wakubwa wa afya ya London walikataa maelezo yake, na alikufa tarehe 16 Juni 1858, akiwa na miaka 45. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi, mashariki ya London. William Farr, mukubwa wa hesabu za vifo aliyekuwa ameshikilia mambo ya hewa, alipanga wafu kufuatana na kampuni za maji, na akaona kwamba wengi walikuwa wateja wa kampuni moja.