Ludwig Krapf na Mstari Mwekundu wa Tarakilishi

Mtu anapopiga chapa barua ya Kiswahili katika kibanda cha tarakilishi pale Kona ya Musa, upande wa Diani, huenda akaona ukurasa mzima umejaa mistari myekundu chini ya maneno. Aghalabu kosa si lake. Programu imewekwa ikague Kiingereza, na dawa yake ni nyepesi: huchaguliwa maandishi yote, kisha lugha ya kukagulia ikabadilishwa kuwa Kiswahili. Hapo mistari hupungua, lakini haiishi. Mwandishi mwenye Kimvita chake akiandika mato badala ya macho, au kitwa badala ya kichwa, mstari huweza kubaki palepale. Akiandika ndoo kwa maana ya njoo, tarakilishi hunyamaza kabisa, kwani inaidhania ndoo ya maji. Ili kuelewa ni vipi chombo hiki kilifikia kuwasahihisha wenye lugha, yafaa kuyarejelea maisha ya mtu aliyefariki mwaka 1881, asiyewahi kuiona hata taipureta ikitumika kuandikia Kiswahili: Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Mwaka 1837 alitumwa Uhabeshi na chama cha kimisheni cha Kiingereza, CMS, na akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kufungiwa njia ya kurudi. Ndipo alipogeukia pwani ya Afrika Mashariki. Alifika Unguja Januari 1844, akapewa na Sayyid Said barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na mwezi Mei mwaka huohuo akahamia Mombasa pamoja na mkewe Rosine.

Miezi miwili haikutimia vyema. Julai 1844 homa iliwapata wote wawili, na Rosine akafariki siku chache baada ya kujifungua. Mtoto wao wa kike akamfuata mamake. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi hilo lipo Nyali hadi leo. Waandishi wengi wa wasifu wa Krapf hukimbilia milima na safari zake na kulipita jambo hili kwa sentensi moja. Hata hivyo, kamusi iliyokuja baadaye ilianza katika majira hayohayo ya msiba. Mwezi mmoja kabla ya kufiwa alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin. Na alipopata nafuu aliirudia kazi ya kukusanya maneno.

Yafaa kutua kidogo kwa kadhi huyo. Msomi wa Kiislamu alikaa na mmisionari Mkristo wakapima pamoja maneno ya kitabu kitakatifu. Bila wasemaji wa aina yake, ambao wengi majina yao hayakuandikwa popote, Krapf asingeweza kuandika hata ukurasa mmoja wenye maana. Kiswahili tayari kilikuwa na maandishi yake wakati huo. Tenzi zilikuwa zikiandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu karne iliyotangulia, na Krapf mwenyewe alizipata hati za namna hiyo, miongoni mwazo Utendi wa Tambuka, akazipeleka Halle, Ujerumani, mwaka 1854. Alijua, basi, kwamba hakukutana na lugha isiyoandikwa.

Pamoja na kujua hayo, alishikilia kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi. Hoja yake moja ilikuwa ya kisauti: alfabeti ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu, na haina herufi zake za p, v wala ch. Hoja nyingine ilikuwa ya kidini, maana aliona kwamba herufi za Kiarabu zingeendelea kuwafungamanisha wasomaji na Uislamu. Hoja ya kwanza ina uzito, ingawa watunzi wa pwani walikwisha kubuni njia za kuyakabili matatizo hayo. Ya pili haikuhusu isimu hata kidogo. Lakini uamuzi ukashika njia. Baobonye inayotumiwa leo Kona ya Musa kuandikia Kiswahili haihitaji kuongezewa hata herufi moja, na sauti ya ng' katika ng'ombe humalizwa kwa kitone cha juu kilichokwisha kuwapo. Kuandika kwa herufi za Kiarabu katika tarakilishi hiyohiyo huhitaji kuweka baobonye nyingine ndani ya programu.

Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo cha Rabai. Kutoka huko alisafiri mno. Mwaka 1848 alikwenda Usambara kwa mfalme Kimweri, akipitia vilima vya Shimba na nchi ya Wadigo. Desemba 1849 akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Mwaka 1850 akateremka pwani kwa jahazi pamoja na Jakob Erhardt hadi Rasi Delgado. Kila mahali alibeba daftari. Mwaka huohuo wa 1850 vitabu vyake viwili vilichapishwa Tübingen: kimoja cha sarufi ya Kiswahili, na kingine cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwa kando ya Kikamba, Kipokomo na lugha aliyoiita Kinika, yaani usemi wa watu wajulikanao leo kama Wamijikenda.

Afya ilimshinda, akaondoka mwaka 1853. Alirudi kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti waliofungua kituo cha Ribe, na miaka michache baadaye akafuatana na jeshi la Waingereza lililokwenda Uhabeshi, akiwa mkalimani, mpaka maradhi yakamrudisha. Maisha yake yaliyobaki aliyamalizia Korntal, Ujerumani, akiishughulikia kamusi. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yenyewe ilitoka London mwaka 1882, naye hakuiona ikiwa kitabu.

Ilikuwa kamusi ya Kimvita kwanza, yenye maelezo marefu ya mila na vitu vya nyumbani, na haikuona haya kuchanganya maneno ya Rabai. Lakini Unguja palikuwa na Edward Steere, aliyechapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na aliyekuwa na mtambo wa kupiga chapa papo hapo kisiwani. Tahajia ya Steere ilikuwa nyepesi zaidi, na hilo ni la kukiri. Mwaka 1928 mkutano ulikalia Mombasa, mji wa Krapf na wa Kimvita, ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha iliundwa mwaka 1930, na kamusi sanifu ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, nayo Microsoft ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake katika miaka iliyofuata, msamiati waliokuwa nao mkononi ulikuwa wa usanifu huo. Mato na kitwa vilikwisha kuachwa nje miaka 76 nyuma. Mwenye kuvitaka hubonyeza neno lenye mstari kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua kuliongeza kwenye kamusi, na mstari ukatoweka. Ila katika tarakilishi ile moja tu. Mteja akihamia kibanda cha pili, ataukuta tena.

Kamusi ya 1882 imetiwa kwenye mtandao kwa picha za kurasa, na yeyote mwenye simu anaweza kuifungua bila malipo. Anayetafuta ndani yake neno Kiswahili hatalipata kwa urahisi kwa tahajia hiyo. Katika kitabu cha 1850 Krapf aliandika Kisuaheli, na katika anwani ya kamusi akaandika Suahili.